"Jina lako halipo kwenye mfumo": Kwa nini kompyuta hushindwa kumwona mkulima aliyeandikishwa

Mkulima wa tumbaku anaingia katika ofisi ya chama chake cha msingi cha ushirika. Anasalimia "Mwangaluka," anakaa kwenye benchi. Anataka kujua kwa nini malipo ya marobota yake hayajaingia benki. Karani anaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, anabonyeza, anasubiri. Kisha anatoa jibu ambalo siku hizi husikika katika ofisi nyingi: "Mzee, jina lako halipo kwenye mfumo."

Mara nyingi jina lipo, ila limetafutwa kwa namna ambayo kompyuta haikuweza kulifikia.

Isikizya ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Wilaya hii imeizunguka Manispaa ya Tabora, na vijiji vyake vimetawanyika. Mtu aliyetoka Loya au Tura akiambiwa arudi wiki ijayo, amepoteza nauli na siku za kazi shambani. Wakati huohuo, kumbukumbu za wakulima wa tumbaku, warina asali na wakopaji wa pembejeo zinazidi kuhama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania imekuwa ikivihimiza vyama kutumia mfumo wa kidijitali wa usimamizi unaojulikana kama MUVU, na ofisi nyingi bado zina majedwali ya Excel. Chombo chochote kikitumika, kuna kazi mbili zisizokwepeka: kutafuta na kuchuja. Je, kazi hizi hufanyikaje, na makosa hutokea wapi?

Tatizo la zamani, chombo kipya

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka hapa njia moja ilielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba vitambaa, shanga na pembe za ndovu, na uzito ulihesabiwa kwa frasila, takriban kilo 16 kila moja. Mfanyabiashara aliyeshindwa kujua mzigo upi ni wa nani alipata hasara hata kama mizigo yote ilikuwa ghalani.

Ndivyo ilivyo kwa kanzidata ya leo. Taarifa isiyopatikana pale inapohitajika haina faida kwa mwenye nayo.

Kompyuta hutafuta vipi?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupitia rekodi moja baada ya nyingine, herufi kwa herufi, kama mtu anayefunua daftari kuanzia ukurasa wa kwanza. Njia hii inatosha kwa orodha fupi. Rekodi zikifika laki kadhaa, inachosha hata kompyuta.

Njia ya pili huitwa utafutaji wa matini nzima. Hapa programu husoma maandishi yote mapema na kutengeneza faharasa: kila neno linawekewa orodha ya rekodi ambamo linapatikana. Wazo hili ni la kale kuliko kompyuta. Katika karne ya 13, watawa wa Kidominiko mjini Paris, chini ya Hugh wa Saint-Cher, walitengeneza faharasa ya maneno ya Biblia kwa mkono. Katika miaka ya 1960 Gerard Salton na wenzake nchini Marekani waliliendeleza kwa kompyuta kupitia mfumo wao ulioitwa SMART.

Tuchukue mfano wa maelezo matatu yaliyoandikwa na karani:

1. Mkulima amelipwa nusu, mbolea bado.
2. Wakulima wa Ndono hawajalipwa.
3. Mbolea imerudishwa ghalani.

Faharasa itaonyesha kwamba neno "mbolea" liko kwenye rekodi ya 1 na ya 3. Ukiliandika neno hilo, programu haihitaji kusoma rekodi zote upya. Inafungua orodha ya neno hilo tu na kukuletea majibu.

Matokeo yakiwa mengi, programu huyapanga. Mwaka 1972 mtafiti Mwingereza Karen Spärck Jones alieleza kanuni ambayo bado inatumika: neno linalopatikana katika rekodi chache lina uzito kuliko lile lililojaa kila mahali. Katika kumbukumbu za chama cha ushirika, neno "mkulima" halisaidii sana kwa sababu liko karibu kila mstari. Neno kama "bani", yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, linaweza kukufikisha haraka zaidi.

Kiswahili hubadilika mwanzoni

Rudi kwenye mfano wetu. Ukitafuta "mkulima" utapata rekodi ya 1 tu. Ya 2 inazungumzia wakulima pia, lakini kwa kompyuta "mkulima" na "wakulima" ni maneno mawili tofauti, yaliyo mbalimbali katika faharasa: moja chini ya M, jingine chini ya W.

Programu nyingi zimefundishwa kukata miisho ya maneno, kwa kuwa Kiingereza na lugha kadhaa za Ulaya hubadilisha neno mwishoni. Kiswahili hubadilisha sana mwanzoni. Programu ya kanzidata ya PostgreSQL, kwa mfano, huja ikiwa na kanuni za lugha nyingi za Ulaya na baadhi ya lugha za Asia, lakini Kiswahili hakimo katika orodha yake ya kawaida.

Mifumo mingi pia hukuruhusu kuweka alama ya nyota mwishoni mwa neno ili upate maneno yote yanayoanza na herufi hizo. Nyota mwanzoni mara nyingi hukataliwa au huchelewesha majibu, kwa sababu faharasa imepangwa kwa alfabeti. Kwa Kiswahili, msaada huo unafika upande usiohitajika sana.

Njia ya kutafuta kipande cha neno nayo ina mtego wake. Ukitafuta herufi "lipwa" popote zilipo, utapata "amelipwa" na "hawajalipwa" kwa pamoja. Mzizi ni mmoja, lakini mmoja ana fedha na mwingine anadai. Anayehesabu matokeo bila kuyasoma anaweza kuripoti kwamba wote wamelipwa.

Majina yanayoandikwa kwa namna nyingi

Tatizo hukua zaidi kwenye majina ya watu. Salum mmoja ameandikwa Salumu, Joseph ameandikwa Josefu, Ramadhani ameandikwa Lamadhani kwa sababu karani aliandika kama alivyosikia. Hata jina la kijiji lina hatari hiyo: mmoja ataandika Isikizya, mwingine Isikizia. Kwa majina yenye ng', alama ya ritifaa iliyochapwa kwa simu huenda isilingane na ile ya kompyuta, na baadhi ya mifumo hulikata jina vipande viwili pale penye alama.

Baadhi ya programu zina utafutaji wa kukaribiana. Hupima ni herufi ngapi zinapaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine, kipimo kilichoelezwa na Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Kutoka Salum hadi Salumu ni hatua moja tu. Lakini Maganga na Maganda pia wametofautiana kwa hatua moja, na huenda ni watu wawili wa koo tofauti. Kwa hiyo majibu ya kukaribiana ni ya kumwonyesha karani wa kuwauliza, hayatoshi kuwa msingi wa kulipa.

Ndiyo maana namba ina nguvu kuliko jina. Namba ya uanachama, namba ya simu au Namba ya Kitambulisho cha Taifa humtambulisha mtu mmoja, mradi imeandikwa kwa mtindo mmoja. Namba ya simu inayoanza na 0 katika rekodi moja na 255 katika nyingine haitalingana. Na kuna jambo ambalo kila anayetumia Excel anapaswa kulijua: Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, nayo Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Ukiichapa kama namba ya kawaida, tarakimu tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri. Iweke safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuchapa.

Kichujio huondoa bila kuaga

Kutafuta huleta kilicho na neno fulani. Kuchuja huficha kisichotimiza sharti: onyesha msimu huu tu, kijiji cha Ndono tu, wenye deni la mbolea tu. Kila sharti linaloongezwa hupunguza mistari inayoonekana. Ni kazi nzuri, lakini ina hatari tatu.

Ya kwanza ni kichujio kilichosahaulika. Jana karani alichuja msimu uliopita. Leo anafungua ukurasa uleule, anatafuta jina la mwanachama mpya, na halionekani. Kabla ya kumwambia mtu hayupo, futa vichujio vyote.

Ya pili ni nafasi tupu. Katika kanzidata nyingi, ukiagiza "nionyeshe wote ambao hali yao si Amelipwa", mkulima ambaye sehemu yake ya hali haikujazwa kabisa hatatokea. Mashine haijui hali yake, hivyo haimweki upande wowote. Mtu huyo hayumo katika orodha ya waliolipwa, na hayumo katika orodha ya wanaodai. Tafuta nafasi tupu peke yake kila mara kabla ya kufunga hesabu.

Ya tatu ni jumla. Katika Excel, ukichuja mistari kisha ukatumia fomula ya SUM, hujumlishwa hata mistari iliyofichwa na kichujio. Fomula ya SUBTOTAL ndiyo inayojumlisha ile inayoonekana. Katika kikao cha wanachama, tofauti hiyo inaweza kuzua tuhuma za wizi pale ambapo hakuna aliyeiba.

Nani anaruhusiwa kutafuta?

Daftari la zamani lilimchosha mdadisi. Kompyuta humpa deni la jirani kwa sekunde moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda na kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa. Kwa ofisi ndogo, hiyo ina maana kila mtumishi awe na jina na nywila yake, na aone tu kile ambacho kazi yake inahitaji. Skrini isigeuzwe kwa kila anayepita.

Kabla ya kusema "haupo"

Kwa anayetafuta, utaratibu huu unaokoa muda:

Futa vichujio vyote kwanza, kisha tazama idadi ya rekodi. Kama chama kina wanachama 600 na skrini inaonyesha 140, kuna kitu kimefichwa.

Anza na namba. Ikishindikana, tumia sehemu ya jina iliyo fupi, kama "Salu", badala ya jina zima.

Jaribu tahajia nyingine, na ubadilishe mpangilio wa jina la kwanza na la ukoo.

Tafuta kwa kijiji na msimu, kisha msome orodha pamoja na mwenye jina.

Kwa anayeingiza taarifa, vijiji, misimu na hali ya malipo vichaguliwe kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa, visichapwe upya kila mara. Maelezo huru yabaki kwa mambo ambayo orodha haiwezi kuyabeba.

Na kwa mkulima, tunza stakabadhi ya mauzo na uijue namba yako ya uanachama kama unavyoijua namba yako ya simu. Ukiambiwa haupo kwenye mfumo, una haki ya kuuliza kwa upole: umetafuta kwa jina au kwa namba, na msimu upi? Swali hilo linaweza kukuokolea safari ya pili.