Mkojo Hueleza Jinsi Mihogo Ilivyolowekwa

Akina mama wa Kasongo na Kabambare, mihogo michungu ina sumu, jina lake sayanidi. Tukiiloweka siku tatu au zaidi, karibu sumu yote hutoka. Lakini wakati wa njaa, vita au haraka ya soko, wengine huitoa majini baada ya usiku mmoja tu. Bugali huonekana safi, wala jicho halioni sumu iliyobaki.

Hatari yake ni nini? Ni ugonjwa wa konzo. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, huko Kwango. Neno hilo ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtoto au mama aliyekuwa mzima hukakamaa miguu yote miwili kwa ghafula, na haiponi tena. Konzo si uchawi, wala hauambukizi.

Tutajuaje hatari kabla miguu haijafungwa? Tupime mkojo. Mwili huchukua salfa iliyo katika maharage, samaki na nyama, huigeuza sayanidi kuwa thiosayaneti, kisha huitoa katika mkojo. Aliyekula sumu nyingi hutoa thiosayaneti nyingi. Maabara kubwa zina mashine za kupima vitu vya namna hii kwa uzito wa chembe zake. Lakini Howard Bradbury wa Australia alitengeneza kipimo kisichohitaji mashine. Mkojo kidogo hutiwa dawa katika kichupa chenye karatasi ya manjano. Kesho yake rangi ya karatasi hulinganishwa na rangi zilizochapwa. Ikigeuka kahawia, sumu ni nyingi.

Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, mwaka 2010 na 2011 akina mama walifundishwa hivi: changanya unga na maji, utandaze kwa unene usiozidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hupotea hewani. Kisha pika siku hiyohiyo. Kipimo cha wastani katika mkojo wa watoto wa shule kilishuka kutoka mikromoli 332 kwa lita hadi 130, wala hakutokea mgonjwa mpya wa konzo.

Basi, mama, usipunguze siku za kuloweka. Ukibanwa na haraka, lowesha unga na kuutandaza. Wape watoto maharage au samaki pamoja na bugali. Nao wanaume wasiwaharakishe wake zao kwa ajili ya soko, maana miguu ya mtoto hainunuliwi.