Mlango Wenye Pembetatu

Miaka kadhaa iliyopita nilizuru chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Mlangoni pa mhadhiri aliyenikaribisha palikuwa na kibandiko: pembetatu ya rangi ya waridi, imepinduliwa, ndani ya duara la kijani. Nilidhani ni nembo ya timu ya kandanda. Kumbe pembetatu hiyo ndiyo alama ambayo Wanazi waliwalazimisha wanaume wapenzi wa jinsia moja kuvaa katika kambi za mateso. Duara nalo ni marafiki wanaowazunguka.

"Ukikibandika," akaniambia, "umejifunga."

Mpenzi msomaji, nilitarajia hotuba ndefu kuhusu haki. Badala yake alinieleza mambo ya kawaida mno. Kabla ya kupewa kibandiko, alipitia mafunzo: kusikiliza bila kuhoji, kutotaja jina la mwanafunzi kwa mzazi wala kwa mwenzake kazini, na kujua mshauri wa kumpelekea mambo yakimzidi. Alikiri kwamba kunyamaza ndiko kugumu zaidi, kwani chumba cha walimu kina masikio na ndimi. Nilicheka, kisha nikaona haya.

Huduma hizi si za jana. Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua ofisi ya wanafunzi hao mwaka wa 1971. Wala si ngao kamili. Mnamo Oktoba 1998 Matthew Shepard, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wyoming, alipigwa, akafungwa kwenye ua wa mbao nje ya mji wa Laramie na kuachwa hapo. Alifariki siku chache baadaye.

Kwetu Kenya mambo ni mengine. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatishia kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikidumisha mwezi Mei 2019. Sioni ni mhadhiri gani hapa atakayethubutu kubandika pembetatu. Lakini kifungu hicho chaadhibu kitendo. Hakimwamuru mwalimu kutangaza siri aliyoaminiwa.

Mimi niliitangaza. Kabla ya safari ile, mwanafunzi wangu alikuja ofisini, akafunga mlango, akanieleza hali yake huku akitetemeka. Nilimpa pole. Adhuhuri, tukinywa chai, nikamdokezea mwenzangu mmoja tu, tena kwa nia ya kutaka ushauri. Kufikia jioni bweni zima lilikuwa limekwisha kujua. Wiki mbili baadaye barua yake ya kuacha masomo ililetwa mezani pangu, nami nikaitia sahihi.