Kidonge cha presha kilichoziba pampu ya saratani

Kuna seli za saratani zinazotapika dawa. Mgonjwa anatundikiwa dripu, dawa inasafiri na damu hadi kwenye uvimbe, inapenya ukuta wa seli, na kabla haijafanya lolote inasukumwa nje. Anayeisukuma ni pampu ya protini iliyokaa ukutani kama bawabu mkorofi. Mwaka 1976, mjini Toronto, Kanada, Rudolph Juliano na Victor Ling waliieleza na kuipa jina P-glikoprotini. Waliikuta kwenye seli za mnyama wa jamii ya panya zilizozoeshwa kolchisini, dawa ya jongo. Ajabu ni kwamba seli hizo zilizikataa hata dawa nyingine ambazo hazikuwahi kuonjeshwa.

Miaka mitano baadaye akapatikana wa kumziba bawabu huyo, naye akatokea kliniki ya moyo. Verapamili humezwa na wenye presha na wale ambao mapigo yao yanakwenda mbio. Kazi yake ni kuzuia kalisi isiingie kwa wingi kwenye misuli ya moyo na ya mishipa. Mwaka 1981 Takashi Tsuruo na wenzake, huko Japani, waliiweka pamoja na vinkristini, dawa ya saratani inayotokana na kile kiua cha rangi ya waridi chenye asili ya Bukini tunachokipanda nyuani. Seli za saratani ya damu ya panya zilizokuwa sugu zikaanza kufa tena. Pampu ilikuwa imezibwa, vinkristini ikabaki ndani.

Mwili wa binadamu ukagoma. Kiasi cha verapamili kinachoziba pampu hiyo maabarani ni kikubwa mno kwa moyo wa mtu: presha inaanguka, mapigo yanakawia hadi hatari. Isitoshe, pampu yenyewe si mali ya saratani peke yake. Ipo kwenye utumbo, ini, figo na mishipa ya ubongo, ikitulinda na sumu kila siku. Verapamili pia hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja vinkristini, kwa hiyo dawa hukawia mwilini na kuumiza neva. Mgonjwa anaanza kulalamikia ganzi ya vidole. Baadaye zikabuniwa dawa za kuziba pampu tu, zisizogusa moyo, nazo hazikufua dafu. Binafsi sioni kuwa jasho hilo lilipotea. Ndilo lililotufundisha kwamba dawa za kliniki mbili tofauti hukutana mlango mmoja.

Na hukutana mara nyingi. Doksorubisini, ile dripu nyekundu, inaweza kuudhoofisha moyo, ndiyo maana madaktari hujumlisha dozi zake tangu ya kwanza. Moyo ukidhoofika, mgonjwa huongezewa dawa za moyo juu ya za saratani. Digoksini, mojawapo ya hizo, hutolewa mwilini na pampu ile ile. Ukiimeza pamoja na verapamili, hujaa kwenye damu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe au mzazi wako anaanza kemo, siku ya kliniki bebeni mfuko wa dawa zote, pamoja na kile kidonge cha presha alichokizoea hadi hakihesabu tena kuwa dawa. Asikiache kwa uamuzi wake. Akiweke mezani, daktari akione.