Magnesiamu siyo moja: Usidanganyike na namba kubwa kwenye kopo

DAKIKA ya 85, timu inaongoza bao 1-0. Winga anakimbilia mpira kwenye kibendera cha kona, ghafla anashika kigimbi na kwenda chini. Jukwaani mashabiki wa wapinzani wanazomea wakisema anapoteza muda. Kumbe safari hii ni kweli, misuli imembana.

Kesho yake ushauri unamiminika kwenye kundi la timu: kanunue magnesiamu. Jamaa akifika dukani anakuta makopo manne, bei nne tofauti, na yote yanaitwa magnesiamu. Wengi huchukua la bei rahisi lenye namba kubwa. Hapo ndipo wanapopigwa.

TAZAMA JINA LA PILI

Magnesiamu haikai peke yake kwenye kidonge. Huungwa na kitu kingine, na huyo pacha wake ndiye anayeamua kiasi gani kitaingia mwilini na tumbo litasemaje.

Oksaidi ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyojaa sokoni. Kwa uzito, asilimia 60 hivi ni magnesiamu yenyewe, hivyo namba yake kwenye kopo inavutia. Ishu ni kwamba haiyeyuki vizuri, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Ikibaki kwenye utumbo huvuta maji, na matokeo yake ni kuharisha. Mchezaji anayeinywa asubuhi ya mechi anaweza kujikuta anasaka choo wakati wenzake wanapasha.

Sitreti ina asilimia 16 tu ya magnesiamu, lakini huyeyuka na kufyonzwa vizuri zaidi. Nayo ukizidisha italegeza tumbo, ndiyo maana madaktari huitumia pia kwa wenye choo kigumu.

Glisineti ina asilimia 14 hivi. Hii ndiyo husifiwa kwa upole wake tumboni, ila bei yake imechangamka na vidonge vyake huwa vikubwa au vingi.

Piga hesabu. Kidonge cha miligramu 500 za oksaidi kina miligramu 300 hivi za magnesiamu. Kile cha miligramu 500 za sitreti kina 80 tu. Tena makopo mengine huandika uzito wa mchanganyiko wote, mengine huandika magnesiamu peke yake. Usipolijua hilo, unalinganisha timu mbili zinazocheza ligi tofauti.

JE, INATIBU MISULI KUBANA?

Hapa wengi hawapendi jibu. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2020, inayokusanya tafiti za tiba, yaliona magnesiamu haielekei kuwasaidia wazee wanaobanwa misuli kwa kiwango cha maana. Kwa wanaobanwa wakiwa mazoezini, hayakupata hata jaribio moja la kulinganisha lililofanywa kwa utaratibu unaotakiwa. Yaani sifa zote zile bado hazijapimwa uwanjani.

Mchezaji hubanwa zaidi dakika za mwisho kwa sababu misuli imechoka na mishipa ya fahamu inaendelea kuiamuru ijikaze. Ndiyo maana mwenzake akimnyanyua mguu na kusukuma vidole kuelekea kwenye goti, maumivu hupungua palepale. Jasho nalo linachangia, lakini chumvi inayotoka kwa wingi kwenye jasho ni sodiamu. Magnesiamu inayopotea huko ni kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu madini, benchi lijiulize: jamaa alikuwa fiti kwa dakika 90? Alilala vizuri? Alikunywa maji ya kutosha?

JIKONI KUNA NINI?

Mwanaume mtu mzima anahitaji miligramu 400 hadi 420 za magnesiamu kwa siku, mwanamke 310 hadi 320. Gramu 30 za mbegu za maboga zinatoa zaidi ya miligramu 150. Kiasi hicho hicho cha korosho kinatoa 80 hivi, karanga 50. Ongeza maharage, mchicha na ugali wa dona, ambao haujapoteza kiini na pumba kama sembe. Kijana wa ndondo anayekula hivyo hana haja ya kuhamishia posho yake yote duka la dawa.

Anayehitaji kweli, kwa ushauri wa daktari, asianze na namba kubwa. Wataalamu wa Marekani wameweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye vidonge kwa mtu mzima. Mwenye tatizo la figo asiguse bila kuruhusiwa. Anayetumia dawa kama doksisaiklini au siprofloksasini aulize atenganishe saa ngapi, maana magnesiamu huishika dawa tumboni isifanye kazi.

KUNA ADHABU PIA

Magnesiamu yenyewe haimo kwenye orodha ya dawa zinazokatazwa michezoni. Hatari ni kopo lenyewe. Utafiti wa maabara ya Cologne, Ujerumani, uliochapishwa 2004, ulipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 vilikutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo.

Na sheria haijali kama ulijua. Kolo Toure wa Manchester City alifungiwa miezi sita mwaka 2011 kwa vidonge vya kupunguza uzito vya mkewe. Andre Onana, wakati huo kipa wa Ajax, alipewa miezi 12 na UEFA Februari 2021 baada ya kueleza kwamba alimeza dawa ya mkewe kimakosa. Rufaa ikaishusha hadi miezi tisa.

Hao walikuwa na klabu tajiri na mawakili nyuma yao. Mchezaji wa kawaida akifungiwa, mshahara unakata na mkataba unaondoka. Kabla ya kumeza chochote, lipeleke kopo kwa daktari wa timu alisome lote, siyo ile namba ya mbele tu.