2,147,483,647: Namba tasa kwenye ukingo wa kompyuta

Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki, kompyuta zitakazokuwa bado zinahesabu muda kwa mtindo wa zamani zitafika ukingoni. Zitakuwa zimetimiza sekunde 2,147,483,647 tangu mwaka 1970 uanze kwa saa za kimataifa, na namba kubwa kuliko hiyo haziwezi kuihifadhi. Sekunde itakayofuata, tarehe zao zitarudi Desemba 1901.

Namba hiyo ilijulikana kabla kompyuta hazijafikiriwa. Ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772 akiwa Saint Petersburg, umri umevuka miaka 60 na macho yakiwa karibu yamepofuka.

Kwa njia ya kawaida, angeigawa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341. Hizo ni zaidi ya 4,700. Euler aliangalia kwanza umbo lake: ni 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Namba za umbo hili zina tabia ya ajabu. Chukua kipeo cha 11. Unapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Sasa gawa 23 kwa 22, yaani 11 mara mbili: baki ni 1. Gawa 89 kwa 22: baki ni 1 tena. Ndivyo ilivyo kila mara kipeo kinapokuwa namba tasa isiyo 2.

Kwa kipeo cha 31, basi, kigawo chochote lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62. Euler akaongeza sharti jingine, zikabaki namba ambazo zikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Za kujaribiwa hazikuzidi 372, na hakuna hata moja iliyoigawa.

Ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miongo kadhaa. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu inayotokana nayo, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe: huenda hakuna atakayehangaika kutafuta kubwa zaidi, kwa kuwa namba kamilifu hazina matumizi. Hata hivyo, Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya umbo lilelile la namba ya Euler, yenye kipeo cha 136,279,841. Ukiiandika yote, ina tarakimu 41,024,320.

Kompyuta nayo iliifikia namba ya Euler kwa njia yake. Huandika kila kitu kwa 0 na 1. Ikipewa nafasi 32, moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi. 31 zilizobaki zikijaa 1 tupu, umefika 2,147,483,647. Ni kama mita ya gari iliyojaa tisa: hatua inayofuata haina pa kuandikwa.

Je, utasa wake ndio unaoikwamisha kompyuta? Hapana. Dawa iliyopo ni kuhesabu kwa nafasi 64, na ukingo mpya ni 2 kwa kipeo cha 63, kutoa 1. Namba hiyo inagawanyika kwa 7, kwa sababu 63 yenyewe inagawanyika kwa 3, na 2 kwa kipeo cha 3, kutoa 1, ni 7. Si tasa hata kidogo, lakini sekunde zake zinatosha miaka zaidi ya bilioni 290.