Unasihi kwa Mwanafunzi Aliyefiwa

Katika kata ya Busi, wilayani Kondoa, kama ilivyo kwingineko katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, msiba ni wa kijiji kizima. Majirani huchimba kaburi, huleta kuni na unga, na hukaa na wafiwa. Lakini matanga huanuliwa. Wageni hurejea makwao, na mwanafunzi aliyefiwa na mama yake hurudi darasani. Hapo mwalimu huweza kuona kwamba kijana aliyekuwa hodari wa hesabu sasa hutazama ubao asiandike kitu.

Je, huo ni uvivu? La. Majonzi makali huvuruga usingizi, hupunguza hamu ya chakula, na hudhoofisha uwezo wa kuzingatia na kukumbuka. Kumwadhibu mwanafunzi huyo ni kumwongezea maumivu. Msaada umfaao ni unasihi.

Yatokeayo katika unasihi

Neno hili limetokana na nasaha, yaani mashauri mema. Hata hivyo, mnasihi hatoi amri wala mahubiri. Kazi yake kubwa ni kusikiliza kwa utaratibu, ili msemaji ayaone mambo yake waziwazi.

Kikao hufanyika mahali pa faragha, kwa muda wa saa moja hivi au pungufu. Kwanza mnasihi hueleza kwamba yatakayosemwa ni siri, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akiwa anadhulumiwa. Kulia kunaruhusiwa, kunyamaza pia.

Wafiwa wengi huficha lawama moyoni: "Ningaliamka mapema, mama angalifika hospitali." Mnasihi hamwambii asahau. Humwuliza: usiku ule ulijua nini? Ulikuwa na uwezo gani? Polepole lawama hutenganishwa na ukweli.

Yafaa ieleweke pia kwamba majonzi hayafuati mstari ulionyooka. Mwaka 1999 wataalamu wa saikolojia Margaret Stroebe na Henk Schut, wa Uholanzi, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kumwombolezea marehemu na kushughulikia maisha mapya. Basi mwanafunzi achekaye uwanjani asubuhi na kulia jioni si mnafiki.

Ushahidi wa Moshi na Bungoma

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi, na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Nusu yao walihudhuria vikao 12 vya makundi, kimoja kila wiki, na walezi wao walikuwa na vikao vyao. Nusu nyingine walipata huduma za kawaida. Viongozi wa vikao hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa.

Vikao vilipomalizika, waliohudhuria walikuwa na nafuu kubwa zaidi katika maeneo yote mawili ya Bungoma na katika Moshi mjini. Katika Moshi vijijini, makundi yote mawili yalipata nafuu iliyokaribiana. Hapa mwanafunzi wa sayansi aone faida ya kundi la ulinganisho: bila kundi hilo, nafuu yote ingalidhaniwa kuwa imeletwa na vikao.

Wakati wa kumpeleka mbele

Huzuni si ugonjwa. Lakini katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, majonzi yanayodumu zaidi ya miezi 6, yakapita kiasi cha mila na dini ya mfiwa na kuzuia shughuli zake, huhitaji tiba. Mwanafunzi anayesema kwamba hataki kuishi asingojee miezi hiyo: asiachwe peke yake, na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kutoka huko aweza kupelekwa hata Mirembe mjini Dodoma, hospitali ya afya ya akili iliyofunguliwa mwaka 1927.

Mwalimu wa Busi hahitaji kuwa tabibu ili aanze. Amwite mwanafunzi faraghani, ataje msiba bila kuzunguka, kisha asikilize. Wanafunzi wenzake nao wasimkwepe kwa kukosa la kusema. Kuketi naye kimya chini ya mti ni mwanzo mwema.