Kodi ya Malisho Kwanza, Rangi ya Hoteli Baadaye

Kenya iliposimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje, kuanzia Machi 25 hadi Agosti mosi 2020, kilio kilichosikika kilikuwa cha wenye hoteli. Wageni, waliozidi milioni 2 mwaka 2019, walishuka chini ya 600,000. Ila jeraha baya zaidi lilikuwa malishoni. Takriban asilimia 65 ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za taifa, wengi wao kwenye ardhi ya wafugaji. Pembezoni mwa Maasai Mara, katika hifadhi kama Naboisho na Olare Motorogi, wenyeji hukodisha ardhi yao kwa kampuni za kambi, nao hukubali kutolima wala kuzungushia ua. Kodi hiyo hutoka mfukoni mwa mtalii. Asipokuja, mwenye ardhi hubaki na nyumbu wanaomaliza nyasi za ng'ombe wake, na karo ya watoto inadaiwa.

Mei mwaka huohuo serikali ilitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi. Hoteli zilitengewa mikopo nafuu ya bilioni 2 za ukarabati; bilioni 1 ilikuwa ya kuajiri walinzi 5,500 wa wanyamapori kutoka vijijini, na bilioni 1 nyingine ya hifadhi 160 za jamii. Naona mgawo wa malishoni ndio uliostahili kuwa mkubwa. Kweli, hoteli inalisha mpishi, dereva na muuza samaki, na mgeni hawezi kulala nyikani. Lakini mkopo wa kupaka rangi vyumba visivyo na wageni ni deni tu, na hoteli iliyofungwa hupata mnunuzi. Ardhi ikishakatwa vipande na kuwekewa seng'enge, njia ya nyumbu imekufa.

Wapo watakaosema soko limejiponya lenyewe, kwa kuwa mwaka 2024 wageni walifika kama milioni 2.4. Walikuja kuona nini, kama si wanyama ambao wafugaji waliendelea kuwavumilia hata kodi ilipopunguzwa? Leo Kaunti ya Narok humtoza mgeni wa kigeni dola 200 kwa siku kuingia Mara, Julai hadi Desemba. Hata dola 5 kati ya hizo zingeweza kuwekwa akiba ya kulipia kodi ya hifadhi jirani mwaka ndege zitakapokosekana tena, maana nyumbu hula nyasi pande zote mbili za mpaka kati ya Mara na hifadhi hizo.